Land Rover ya zamani nayo huliwa na kutu

Wapenzi wa magari ya zamani hapa Dodoma hupenda kusema Land Rover haishiki kutu. Nusu kweli. Ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza baada ya vita ilikuwa na mgao wa chuma, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Chesisi, fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, na huoza kuanzia ndani, matope yanakoganda.

Ukame wetu unaificha aibu hiyo. Ukiletewa iliyozeekea Tanga, achana na rangi mpya (rangi ni rahisi). Lala chini, gonga chesisi kwa nyundo. Mlio mkali wa wazi, sawa. Ikidondosha magamba mekundu, shusha bei. Hata aluminiamu, inapogusana na chuma penye unyevu, hulika ikaacha unga mweupe.