Ngamia wa Australia: dhana potofu na ukweli wake

Picha za helikopta ikiruka chini juu ya kundi la ngamia wanaokimbia kwenye udongo mwekundu wa Australia zimesambaa sana mitandaoni, na kila zinapowekwa huandamana na maelezo yaleyale, kwamba wanyama hawa wameivamia nchi isiyo yao na sasa wanavuna walichopanda kwa kupigwa risasi. Ni kweli kwamba wana madhara. Mengine yanayosemwa juu yao, kuanzia idadi yao hadi namna walivyofika huko, yanahitaji kusahihishwa.

"Australia ndiyo nchi yenye ngamia wengi kuliko zote duniani"

Msomaji wa Afrika Mashariki ana kila sababu ya kulishangaa dai hili. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4, wengi wao wakiwa katika kaunti kame za kaskazini kama Mandera, Wajir, Turkana na Marsabit, na Somalia hukadiriwa kuwa na wengi zaidi ya hao. Australia, baada ya mradi wa kuwapunguza uliofanyika kati ya 2009 na 2013, ilikadiriwa kubakiwa na takriban 300,000. Ile idadi ya milioni 1 ambayo bado inanukuliwa ni makadirio ya mwaka 2008, na yalishushwa baadaye.

Upekee wa Australia uko kwingine: ndiko liliko kundi kubwa kuliko yote duniani la ngamia wa nundu moja wasio na mwenyewe. Kuwaita "ngamia mwitu", kama magazeti yafanyavyo, ni kurahisisha mambo mno, kwa kuwa ngamia wa nundu moja hana tena ndugu wa mwituni mahali popote. Ngamia mwitu halisi waliosalia ni wa nundu mbili, nao wako katika majangwa ya Mongolia na China. Wa Australia ni vizazi vya mifugo iliyofunzwa kupiga magoti, kubebeshwa mizigo na kuitika sauti ya mtu.

"Waliletwa kwa mara ya kwanza na msafara wa Burke na Wills"

Msafara huo wa mwaka 1860, ambamo wapelelezi Robert Burke na William Wills walijaribu kuivuka Australia kutoka kusini hadi kaskazini, ndio uliowapa ngamia umaarufu, lakini wa kwanza alikuwa ametangulia kwa miaka 20. Tarehe 12 Oktoba 1840 meli iitwayo Apolline ilitia nanga Port Adelaide ikitokea Visiwa vya Canary, na kati ya ngamia waliopakiwa, ni mmoja tu aliyefika akiwa hai. Aliitwa Harry. Mwaka 1846 John Horrocks, mfugaji aliyekuwa akitafuta malisho mapya kaskazini, alimchukua katika safari yake, na njiani mnyama huyo akamng'ata mmoja wa wasafiri kichwani. Siku moja Horrocks alikuwa amesimama kando ya Harry akishindilia bunduki ili ampige ndege, ngamia akayumba ghafla, mzigo ukanasa kwenye kifyatulio, na risasi ikamkata Horrocks kidole na kumng'oa meno. Alifariki wiki chache baadaye, akiwa ameagiza Harry auawe. Ndiyo kusema mgunduzi wa kwanza kutumia ngamia barani humo alipigwa risasi na ngamia wake, na sishangai kwamba watu walikaa miaka mingi kabla ya kujaribu tena.

Kuhusu Burke na Wills, dhana iliyoshika mizizi ni kwamba ngamia ndio waliowaangusha. Ukweli ni tofauti. George Landells alitumwa India akanunua ngamia 24, akawafikisha Melbourne Juni 1860 pamoja na watu wanaojua kuwatunza. Miezi michache tu baada ya safari kuanza, Landells aligombana na Burke, mojawapo ya sababu ikiwa pombe ya ramu aliyoibeba kwa ajili ya wanyama hao, akajiuzulu. Burke alipoondoka kambi yao ya Cooper Creek Desemba 1860 kuelekea pwani ya kaskazini, alichukua watu watatu na ngamia sita, na hakumchukua hata mmoja wa wachungaji waliotoka Asia; aliyebaki na ujuzi kidogo alikuwa John King, askari wa zamani aliyewahi kutumikia India. Wanyama waliendeshwa miezi kadhaa katika mvua na matope, mazingira ambayo mguu wa ngamia, laini na mpana kama mto wa kukalia, haukuumbiwa. Mmoja wa wawili wa mwisho, Landa, alizama katika tope akashindwa kunasuliwa. Burke na Wills wakafa mwaka 1861. King akanusurika kwa sababu wenyeji asilia wa kabila la Yandruwandha walimlisha.

"Waliowaongoza walikuwa Waafghani"

Hilo ndilo jina waliloitwa wote, lakini wengi walitoka Balochistan, Sindh, Punjab, Kashmir na Rajasthan, maeneo ambayo leo kwa sehemu kubwa yako Pakistan na India. Wengi walikuwa Waislamu, lakini si wote. Kufikia mwaka 1866 mfanyabiashara Thomas Elder alikuwa ameleta ngamia zaidi ya 100 na wachungaji 31 kupitia Port Augusta, akaanzisha kituo cha kuwazalisha huko Beltana. Upele uliwaua wengi mwanzoni, lakini waliosalia walizaana, na wengine waliendelea kuletwa, hata jumla ikazidi 10,000 kufikia mwanzo wa karne ya 20.

Kazi waliyoifanya haikuwa ya pembeni. Walibeba vifaa vya laini ya simu ya maandishi kutoka Adelaide hadi Darwin, iliyokamilika 1872. Msafara mmoja ungeweza kuwa na ngamia 70, kila mmoja akiwa na kijiti kilichopenyezwa puani na kamba nyembamba iliyofungwa kwa aliyemtangulia, nyembamba kwa makusudi ili ikatike kabla ya pua kuchanika. Lakini mjini Marree, ambako wachungaji walijenga msikiti wa udongo na kupanda mitende, reli iliugawa mji: Wazungu upande mmoja, wachungaji na wenyeji asilia upande wa pili. Wengi walifika kwa mikataba ya miaka michache bila ruhusa ya kuleta wake zao, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901 iliwafungia mlango watu wa Asia.

"Walitoroka, ndiyo maana wametapakaa"

Walioponyoka wapo, lakini kundi hili halikutokana na uzembe wa kufunga zizi. Katika miaka ya 1920 malori yalichukua mizigo yao, na mwaka 1925 jimbo la Australia Kusini likatunga sheria iliyoruhusu kuuawa kwa ngamia wanaozurura bila mtu wa kuwalinda. Mchungaji asiye na kazi alikuwa na njia mbili: kumpiga risasi mnyama aliyemlea tangu ndama, au kumvua tandiko na kumwacha aende zake. Wengi waliwaacha. Huko walikokwenda hapakuwa na mnyama wa kuwawinda, na ngamia hula zaidi ya asilimia 80 ya aina za mimea inayopatikana katika maeneo hayo, kwa hiyo idadi yao ilipanda kimyakimya kwa miongo kadhaa.

"Maji ya nunduni huwatosha"

Nunduni mna mafuta, si maji. Wakati wa kiangazi ngamia huyatafuta maji kama mnyama mwingine yeyote: mwaka 2009 takriban 6,000 waliingia Docker River, kijiji kidogo cha wenyeji asilia, wakavunja matangi na mabomba, na mizoga ikachafua visima vya miamba ambavyo kwa wenyeji ni mahali patakatifu.

"Si wawauze tu Uarabuni?"

Baadhi huuzwa, hasa kwa ajili ya nyama. Lakini wametawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 3, mbali na barabara na machinjio, na gharama ya kumkamata na kumsafirisha mmoja mara nyingi huzidi bei yake. Kwa hiyo wengi hupigwa risasi kutoka angani na kuachwa palepale wanapoanguka.