Ukulele ya kisanduku cha siga: usikadirie kwa macho

Ukulele ni kigitaa cha nyuzi nne, na mwili wake naufanya kwa kisanduku cha siga. Nikikigonga kwa kidole nataka kiitike. Kikitoa sauti butu kama boksi la viatu, nakiacha. Vizuri zaidi ni vya mbao ya sidrela, nyepesi na yenye harufu. Mti wake ndio uleule ulioletwa kwetu ukauvamia msitu wa Kimboza, Morogoro.

Na kama wewe ni fundi wa vitanda na makabati tu, usiogope. Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, waliotoka Madeira, kisiwa cha Ureno, wakashuka Honolulu, Hawaii, mwaka 1879, walikuwa maseremala wa samani. Ala ndogo ya kwao, machete, ndiyo iliyozaa ukulele.

Shingo, ule mti mrefu unaoshikwa wakati wa kupiga, naipitisha ndani ya kisanduku chote hadi itokeze nyuma, na nyuzi nazifunga huko mkiani, ili mvuto wake ubebwe na shingo. Lakini chini ya mfuniko naichonga kwa patasi mpaka ibaki nafasi ya milimita 3. Ukulele yangu ya kwanza sikuiachia nafasi hiyo. Ilisikika kana kwamba mtu ameilazia kiganja. Mfuniko ndio unaoimba, hautakiwi kuguswa na kitu.

Kisha freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Kwenye soprano, ukulele ndogo ya kawaida, uzi unaotetema huwa na urefu wa kama milimita 345, kutoka kizingiti cha juu (kijiti kinachoinua nyuzi kwenye mwisho wa shingo) hadi kwenye daraja (kijiti kinachozibeba juu ya mfuniko). Gawanya 345 kwa 17.817, namba ya kupangia freti isiyobadilika, unapata 19.4: hapo inakaa freti ya kwanza. Zilizobaki, 325.6, gawanya tena kwa 17.817, unapata 18.3, umbali wa kufika freti ya pili. Endelea hivyo. Ya 12 lazima iangukie katikati, 172.5, isipoangukia hapo, rudia hesabu kabla hujashika msumeno. Alama zote zipime kutoka kizingitini. Ukipima freti kwa freti, vikosa vidogo hujilimbikiza.

Daraja silitii gundi. Uzi ukibonyezwa hukazwa na sauti hupanda kidogo, kwa hiyo nalisogeza nyuma milimita 1 au 2, huku nikipiga uzi mtupu kisha freti ya 12, hadi zilingane, moja chini na moja juu kwa oktava, yaani noti ileile, ila ya juu zaidi. Hapo nachora mstari wa penseli.

Nyuzi nazipanga Sol, Do, Mi, La. Hata mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki unafaa, ila nailoni mpya hulegea: siku mbili tatu za mwanzo utakaza kila ukiishika.