Je, Wajua? Mbio Jumapili, Maumivu Jumanne

Anayekimbia kilomita 21 kwa mara ya kwanza hujiandaa kuumia siku ileile. Kumbe Jumapili jioni bado anatembea vizuri, anapiga picha na medali yake. Jumatatu miguu inaanza kukaza. Jumanne ndipo anaposhuka ngazi kinyumenyume huku kashika ukuta, na choo cha kuchuchumaa kinageuka mtihani. Maumivu haya hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya mbio. Yalikuwa wapi muda wote huo?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na jibu, na kila mgeni wa mazoezi nilimgawia bure: ni asidi ya maziwa, imeganda kwenye misuli. Kandwa, jinyooshe, itatoka. Nililisema kwa uhakika wa daktari, na sikuwa peke yangu. Lakini si kweli.

Historia yake imechangia. Asidi hiyo iligunduliwa mwaka 1780 na mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, ndani ya maziwa yaliyochacha. Baadaye ikaonekana kwenye misuli ya wanyama waliowindwa, kisha kwenye miguu ya vyura iliyochokozwa kwa umeme maabara hadi ikashindwa kusinyaa tena. Utafiti wa aina hiyo ulikuwa wa maana kiasi kwamba Archibald Hill na Otto Meyerhof walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Ila mguu wa chura uliokatwa una kasoro moja kubwa: hauna damu inayozunguka. Kinachotengenezwa humo hakina pa kwenda.

Kwako kina pa kwenda. Ukishasimama, laktati, ambayo ndiyo sura ya asidi hiyo mwilini, hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi. Haitupwi kama taka, maana moyo na misuli huichoma kama mafuta, na ini hugeuza sehemu yake kuwa sukari. Kufikia Jumanne unaikanda asidi iliyoondoka Jumapili kabla hujamaliza kuvua viatu. Kuna pia jaribio la mwaka 1983 lililonimaliza kabisa. Watafiti wa Marekani walikimbiza watu kwenye mashine, wengine tambarare, wengine kwenye mteremko. Wa tambarare laktati yao ilipanda, lakini hawakupata maumivu ya siku za mbele. Wa mteremko laktati haikupanda, na ndio walioumia.

Jibu basi limo kwenye kushuka. Fikiria mchezo wa kuvuta kamba. Timu inayoshinda inavuta huku ikirudi nyuma, inachoka tu. Timu inayoshindwa nayo inavuta kwa nguvu zote, lakini inaburutwa mbele, na mikono inachunika. Paja lako kwenye mteremko ndiyo timu inayoburutwa. Kila unapotua, goti hukunjika, na msuli wa mbele wa paja hukaza ili usianguke, huku uzito wa mwili ukiurefusha kwa nguvu.

Sasa itazame timu hiyo kwa karibu. Uzi mmoja wa msuli una maelfu ya vipande vidogo vilivyopangana mstari mmoja, kila kimoja kikimshikilia mwenzake. Hawalingani nguvu. Mstari ukivutwa, aliye dhaifu hunyooshwa kupita kiasi kwanza, mzigo unahamia kwa jirani, naye vilevile. Hizo ndizo chaniko ndogo zinazoonekana kwa darubini ya elektroni.

Chaniko hutokea palepale mbioni, ila mafundi huchelewa. Katika saa zinazofuata uvimbe mdogo hujengeka, na kemikali za ukarabati hufanya neva ziwe nyepesi kushtuka, hata kukalia kiti kunauma. Hapa sayansi bado inabishana: ukubwa wa chaniko na ukali wa maumivu haviendi sambamba sana, na wapo wanaoelekeza lawama kwenye utando unaofunika msuli.

Na kujinyoosha? Majaribio yaliyokusanywa pamoja yanaonyesha kunapunguza maumivu haya kidogo mno. Kukandwa hupunguza kiasi, ingawa si kwa sababu niliyokuwa nikihubiri.

Ila si kila uchungu ni huu. Huu huenea miguu yote miwili na kupungua wenyewe. Unaouma pointi moja ya mfupa wa muundi na kuzidi kila unapokimbia unaweza kuwa ufa. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni hii: msuli unakumbuka. Kipindi kimoja kifupi cha mteremko huukinga kwa wiki kadhaa, hata kama mara ya kwanza hukuumia sana. Kwa njia kama ya nusu marathoni ya Kilimanjaro, inayopanda kuelekea Mweka kisha kushuka kurudi Moshi, wengi hufanya mazoezi ya kupanda tu, wakidhani kushuka ni zawadi. Mimi siku hizi, wiki tatu kabla ya mbio, natafuta kilima na kukishuka taratibu mara nne tano. Keshokutwa yake naingia chooni kwa tahadhari.