Lefebvre na Shirika la Mtakatifu Pio X: yanayosemwa na yaliyotokea

Litaje jina la Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, mwanzilishi wa Shirika la Mtakatifu Pio X, mbele ya Wakatoliki, hukosi atakayesema: "Yule aliyetengwa na Kanisa kwa sababu ya Misa ya Kilatini." Dhana hii imeota mizizi kuliko zote. Kilatini hakikupigwa marufuku. Hata Misale (kitabu cha sala za Misa) mpya ya Papa Paulo VI ilitolewa kwa Kilatini kabla ya kutafsiriwa. Kilichomponza ni tendo la tarehe 30 Juni 1988 huko Écône, Uswisi: aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa. Kwa sheria ya Kanisa, awekaye na awekwaye hujitenga na Kanisa papo hapo.

Na nusura yasitokee. Tarehe 5 Mei mwaka uleule alitia saini makubaliano na Kardinali Joseph Ratzinger, yaliyofungua njia ya kupata askofu kwa ridhaa ya Roma. Kesho yake akageuka. Alikuwa na miaka 82, akihofia kufa bila kuacha wa kuwapa upadre mafrateri wake.

Wapo wanaodhani Shirika la Mtakatifu Pio X lilizaliwa likiwa asi. La. Tarehe 1 Novemba 1970, Askofu François Charrière wa Lausanne, Geneva na Fribourg aliliidhinisha kwa majaribio ya miaka 6. Mwanzilishi naye hakuwa mgeni Kanisani: alitoka kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, walewale waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Alifanya utume Gabon, akawa Askofu Mkuu wa Dakar, kisha mkuu wa Mapadre hao wa Roho Mtakatifu wote tangu 1962 hadi 1968. Uasi, kama ni neno lenyewe, ulikuja baadaye: idhini ilifutwa 1975, na mwaka uliofuata akasimamishwa huduma kwa kutoa upadre licha ya katazo la Papa. Tena ugomvi haukuwa wa liturujia tu. Alipinga mafundisho ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima) kuhusu uhuru wa dini na uekumene, yaani kutafuta umoja wa Wakristo wote, na hapo ndipo mazungumzo na Roma hukwama.

Wengine husema wafuasi wake "hawamtambui Papa." Wanamtaja katika kila Misa. Mwaka 1983 Lefebvre aliwafukuza mapadre kadhaa wa Marekani, baadhi yao wakiona kiti cha Petro ki wazi, yaani hakuna Papa halali.

Wala si kila anayeadhimisha Misa ya kale, ile ya kabla ya Misale ya Paulo VI, ni mfuasi wake. Mapadre waliokataa kumfuata mwaka 1988 walianzisha Udugu wa Mtakatifu Petro mwezi uliofuata, na Roma ikawapokea.

Kuhusu ukuaji, anayetarajia wazee wachache wa Ulaya atashangaa: mapadre wamepita 700, na seminari zipo hata Argentina, Marekani na Australia.

Je, bado wametengwa? Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI aliwaondolea adhabu maaskofu wale wanne, lakini akaandika wazi kwamba shirika halina hadhi ya kisheria katika Kanisa. Papa Fransisko akaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: tangu Mwaka wa Huruma, ulioanza Desemba 2015, ondoleo la dhambi unalopewa na padre wao kwenye kitubio ni halali, na mwaka 2016 akairefusha ruhusa hiyo bila kikomo.