Tokyo na mtoto mdogo: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Nauli za treni peke yake zitakumaliza.
Mtoto ambaye hajatimiza miaka 6 hapandi kwa nauli. Kila mtu mzima mwenye tiketi anaruhusiwa kuwa na wawili wa umri huo bure. Kuanzia miaka 6 hadi 11 ni nusu nauli. Ila kwenye treni ya kasi, ukitaka mdogo awe na kiti chake cha kukatiwa mapema, utamlipia nusu nauli.

Dhana: Kigari cha mtoto lazima ukikunje ndani ya treni.
Si lazima, mwongozo wa serikali wa 2014 unasema hivyo. Tabu yenyewe iko stesheni. Ueno, kwa mfano, ina milango mingi, na si kila mlango una lifti. Ukikosea, utajikuta chini ya ngazi ndefu, mtoto mkono huu, kigari mkono ule. Angalia alama ya lifti kabla hujapita mashine za tiketi. Na kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, usithubutu: watu wamebanana hata pa kukanyaga hakuna.

Dhana: Utahangaika pa kumbadilishia nepi.
Hapa Wajapani wametuzidi mbali. Maduka makubwa ya ghorofa yana chumba cha watoto chenye meza za kubadilishia, pazia la kunyonyeshea na maji ya moto ya maziwa. Hata ndani ya vyoo vingi vya umma kuna kiti kidogo kimefungwa ukutani, kina mkanda. Unamketisha mtoto pale, nawe unajisaidia huku mnatazamana. Aliyekibuni, nina hakika, amewahi kulea.

Kazi ni nepi chafu. Mapipa ya taka barabarani ni adimu, mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu iitwayo sarin kwenye treni za chini ya ardhi mwaka 1995. Beba mifuko ya plastiki, uchafu wako urudi nao.

Dhana: Chakula ni samaki mbichi tu, mtoto atashinda njaa.
Migahawa ya familia ina sahani ya watoto, okosama ranchi: wali umechomekwa kibendera, soseji, kamba wa kukaanga, kipande cha nyama ya kusaga. Duka la Mitsukoshi la Nihonbashi lilianza kuiuza mwaka 1930. Kwa Waislamu, tahadhari: nyama hiyo ya kusaga mara nyingi ni ya ng'ombe iliyochanganywa na nguruwe. Uliza kwanza, au mnunulie tonge la wali lenye samaki aina ya salmon.

Dhana: Bustani ya wanyama ya Ueno ni ghali, na siku yoyote utaikuta wazi.
Ipo tangu 1882. Mkubwa analipa yeni 600, watoto hadi miaka 12 bure. Jumatatu hufungwa, na Jumatatu ikiwa sikukuu, hufungwa Jumanne yake.