Asili ya wapi? Tunayokosea kuhusu mimea ya Australia

Banksia yangu ya kwanza, mmea wa maua wa Australia, niliiua mwenyewe, kwa samadi ya kuku. Niliinunua Jumamosi moja kwa kikundi cha wapenda mimea ya asili, hapa viungani mwa Melbourne, mche usiozidi kiganja. Nikauchimbia shimo kama tulivyokuwa tukichimba Machame, nikachanganya udongo na sepetu mbili za samadi, nikamwagilia mpaka maji yakatuama. Wiki ya tatu kingo za majani zilikuwa kama zimebabuliwa na moto. Wiki ya sita nilibaki na kijiti. Nilipomrudia bibi aliyeniuzia, aliniuliza swali moja tu: "Umeulisha nini?"

Tangu siku hiyo ninajaza viriba pamoja na wenzake, na nimesikia maneno mengi juu ya mimea hii, ya wageni kama mimi na ya Waaustralia wenyewe. Mengi yanatokana na kosa moja: kusema "mmea wa Australia" kana kwamba Australia ni shamba moja.

"Mmea bila mbolea haustawi"

Kwa mahindi, sawa. Kwa banksia, grevillea, hakea na jamaa zao wa ukoo wa Proteaceae, mbolea ya kawaida inaweza kuwa sumu. Udongo wa sehemu kubwa ya nchi hii ni mkongwe mno, mvua za mamilioni ya miaka zimeshausuuza fosforasi, kirutubisho cha mimea. Ukifukua mizizi ya banksia utaiona imejikusanya vishungi vishungi, kama brashi ya kuoshea chupa. Vishungi hivyo hutoa asidi inayobandua fosforasi kidogo iliyong'ang'ania kwenye udongo. Sasa mmea uliozaliwa kukwangua ukoko, ukiupakulia sinia zima haujui kusema basi. Unafyonza tu, hadi majani yanaungua. Samadi ya kuku ina fosforasi nyingi. DAP, mbolea ya mifuko tunayoijua nyumbani, ingeimaliza banksia yangu mapema zaidi.

Vikundi vya huku hutumia mbolea maalumu iliyopunguzwa fosforasi, tena kwa kubania, na juu ya udongo hutandaza vipande vya magome. Lakini usiende upande wa pili ukasema hakuna mmea wa Australia unaokula samadi. Miti mingi ya misitu ya mvua inaila bila tatizo. Ukoo wa mmea ndio wa kuulizia kwanza.

"Ni mimea ya jangwani, maji ya nini?"

Afrika Mashariki tumeujua mkaratusi, tukausema kwa kukausha chemchemi, tukadhani tumeshaijua Australia. Mikaratusi peke yake ina aina zaidi ya 700. Na mgrivea, ule unaotia kahawa kivuli Kilimanjaro na katika vilima vya Kenya ya kati, kwao ni kingo za mito na misitu ya mvua kusini mashariki mwa jimbo la Queensland na kaskazini mwa lile la New South Wales. Jangwa liko mbali sana na hapo.

Hata mmea wa nchi kavu, ukiwa mchanga, unataka maji kiangazi chake cha kwanza. Watu hupanda, husikia kwamba "unajitegemea", husafiri, hurudi kuokota kuni.

Upo pia ugumu wa kinyume chake. Mimea ya Australia Magharibi imezoea mchanga usioshika maji na kiangazi kikavu. Ipeleke Sydney au Brisbane, kwenye joto lenye unyevu, mizizi inaoza. Wapenda mimea walihangaika na jambo hili miaka mingi, na dawa mojawapo waliyoishika ni kubebesha: kikonyo cha mmea unaodeka kinapachikwa kwenye shina la jamaa yake mstahimilivu. Siku moja nilimtazama mzee mmoja wa kikundi akichonga kikonyo cha grevillea ya Magharibi, ncha kama kabari, wembe ukipita mara moja kila upande. Akapasua mche mwingine katikati, akachomeka, akafunga utepe, akafunika mfuko wa nailoni. Nikayaangalia majani ya ule mche wa chini, nikacheka. Mgrivea! Mti ambao baba yangu huupogoa apate kuni na nguzo za banda, hapa ndio unaoibeba grevillea isiyoweza kusimama yenyewe.

"Cha asili hakiwezi kuwa gugu"

Hii inawauma wenyeji kuliko zote. Acacia baileyana asili yake ni eneo dogo la New South Wales, karibu na mji wa Cootamundra. Maua yake ya njano hufunguka katikati ya baridi, wakati bustani zimenyong'onyea, basi ikapandwa mji baada ya mji. Leo katika jimbo letu la Victoria akasia hiyo inahesabiwa kuwa gugu: inaingia porini, inasonga mimea mingine, inazaa machotara na akasia za hapo. Nimeshamwona mama mmoja karibu alie alipoambiwa mti wa uani kwake, uliopandwa na mama yake, uko kwenye orodha ya magugu.

Watu wa Njombe wataelewa upesi nikitaja miwati. Mwati ni Acacia mearnsii, wa kusini mashariki mwa Australia. Sisi hapa tunaupanda kando ya vijito vya Melbourne kuponya kingo zilizomomonyoka, na tunashukuru ukishika. Afrika Kusini mti huohuo umewatoa jasho kuung'oa.

Kwa hiyo kwenye kitalu chetu kiriba kina alama ya jina la mmea, na chini yake mahali mbegu ilikochumwa. Mbegu za porini nazo hazichumwi kiholela, hata kama nia ni njema: kwenye hifadhi na kwa mimea iliyo hatarini lazima kibali.

"Kuhifadhi ni kupanda miti"

Wanasiasa wanaipenda hii, maana mche hupigwa picha vizuri. Joan na Eileen Bradley, ndugu wawili wa Mosman, Sydney, waliona vingine. Kufikia miaka ya 1960 walikuwa wakipalilia vipande vya pori karibu na kwao, kwa mkono, na walianzia pale pori lilipo zima, wakisogea taratibu kuelekea palipoharibika. Wengi wetu tukipewa jembe tungekimbilia penye magugu mengi. Wao walijua kwamba ukifyeka hapo, udongo ulio wazi unakaribisha magugu mapya. Ukianza penye afya, mbegu za asili zimo ardhini na majirani wapo wa kuziba pengo. Walivuruga udongo kidogo iwezekanavyo, na hawakusonga mbele upesi kuliko pori lilivyoweza kurudi. Hawakupanda karibu chochote. Njia yao ndiyo chimbuko la kazi nyingi za vikundi vya kurudisha pori nchini.

Nakiri kwamba ni kazi ya kuchosha mgongo na haina cha kuonyesha mpaka mwaka wa pili.

"Mbegu zao lazima ziungue"

Haziungui, mbegu iliyoungua imekufa. Akasia nyingi zina ganda gumu, unazimwagia maji yaliyochemka na kuziacha usiku kucha, zilizo tayari zinavimba. Tunda gumu la banksia nyingi hufunguka likitiwa kwenye oveni. Mbegu nyingine hungoja moshi, si moto: watafiti wa Afrika Kusini walilionyesha hilo 1990, na mwaka 2004 wenzao wa Australia Magharibi wakaitambua kemikali ya moshini inayoziamsha. Ndiyo maana madukani huku utakuta maji ya moshi kwenye chupa.

"Kikijaa sokoni kimeokoka"

Chukua makadamia, ambayo Kenya ni mmoja wa wakulima wake wakubwa duniani. Ni mti wa Queensland na New South Wales, una spishi nne, na zote nne porini zimo kwenye orodha ya zilizo hatarini. Macadamia jansenii ilijulikana 1983 tu, na iliyokomaa porini inakisiwa kuwa miti mia moja hivi. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba aina za Hawaii zilizosambaa duniani zinatokana na miti michache ya upande wa Gympie, Queensland. Mashamba yamejaa, lakini yamejaa ndugu wa tumbo moja. Ukija ugonjwa wanaoushindwa, kinga itatafutwa porini, kama pori litakuwepo.

Au msonobari wa Wollemi, ulioonwa na David Noble mwaka 1994 kwenye korongo kaskazini magharibi mwa Sydney. Leo mtu ananunua wake akauweka kibarazani. Porini iliyokomaa haifiki 100, mahali pake panafichwa, na moja ya hofu ni tope la viatu vya wageni, maana hubeba Phytophthora cinnamomi, kimelea kinachoozesha mizizi. Kwenye moto mkubwa wa 2019 na 2020 wazimamoto walishushwa kwa kamba kutoka helikopta kwenda kuulinda.

"Tuwaachie wataalamu"

Chama cha kukuza mimea ya Australia kilianzishwa Melbourne mwaka 1957, kwa msukumo wa Arthur Swaby, wakati bustani ya heshima ilikuwa ya waridi za Uingereza. Wanachama walikuwa watu wa kawaida, na ndio waliopeana mbegu kwa posta na kujua kwa kuunguza majani kipi kinaishi wapi. Kati ya 1984 na 1986 mamia ya watu wa kujitolea walizunguka nchi kuandika kila banksia waliyoikuta, na ramani zilizotoka hapo wataalamu wanazitumia.

"Kabla ya bustani hizi hakuna aliyeitunza"

Kabla Wazungu hawajajenga Melbourne mwaka 1835, nyanda zake zilikuwa na murnong kwa wingi, ua la njano lenye kiazi chembamba chini. Wanawake wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, walikichimba kwa vijiti, wakakioka kwenye matanuru ya ardhini. Kuchimba kwao kulilegeza udongo na kupunguza msongamano, vilivyobaki vikazaana. Kisha wakaja kondoo. Walitafuna majani, wakajifunza kufukua kwa pua, na miaka michache tu baadaye watu walitembea kutwa nzima bila kupata cha kujaza kikapu.

Sasa murnong inarudi, kwenye bustani za jamii za Waaborijini na kwenye vitalu kama chetu. Kichwa cha ua kikiwa bado hakijafunguka huinama, kikifunguka husimama wima. Mbegu zake ni nyepesi na zina manyoya, usizipande siku ya upepo.