Je, wajua rai yako huenda wapi ukiiandika kwenye wiki?

Kaa jioni kwenye baraza yoyote ya Mji wa Kale, Mombasa, uulize kwa nini kisiwa hiki kiliitwa Mvita. Kabla kahawa chungu haijapoa utakuwa na majibu mawili. Huyu atasema jina latokana na vita, kwa jinsi mji ulivyopiganiwa; yule atashikilia ni jina la Shehe Mvita, mtawala wa kale. Barazani hilo halina taabu, kwa kuwa kila neno lina mwenyewe na uso wake unauona.

Kwenye wiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe ndio huiandika, hakuna uso. Yeyote hubonyeza "Hariri" akabadili alichoandika mwenzake, na makala haibebi jina la mtunzi. Ukiandika "mimi naona ni vita", mimi huyo ni nani? Kesho mtu wa Shehe Mvita ataifuta, keshokutwa utairudisha, na mtaendelea kufutiana hivyo mpaka mmoja achoke. Ndiyo maana Wikipedia, iliyoanza 2001, hudai makala isiegemee upande.

Wiki ya kwanza ilikuwa na uhuru zaidi. Mmarekani Ward Cunningham, mtunga programu, aliifungua 1995, jina akalichukua kwa basi la uwanja wa ndege wa Honolulu (kwa Kihawaii "wiki" ni haraka). Humo watu walibishana ndani ya ukurasa uleule, kila mtu akatia jina chini ya maneno yake, hadi atokee wa kuyafupisha yawe maelezo.

Wikipedia iliyahamishia mabishano uani. Kila makala ina ukurasa wake wa Majadiliano: ukimaliza kuandika unaweka ~~~~, jina lako na saa vinajitokeza. Na ukifungua historia ya makala, yaani orodha ya mabadiliko yake, kwa kawaida hata sentensi yako iliyofutwa utaikuta.

Ndani ya makala penyewe rai hupita mlango mmoja tu: itajwe ni ya nani, na iwe imechapishwa mahali. Hapo ndipo wazee wetu wa pwani wanapoachwa nje, maana mengi wayajuayo hayajaingia kitabuni. Mwaka 2011 lilifanyika jaribio India na Afrika Kusini la kurekodi watu wakieleza mambo ya kwao, ili sauti hizo ziwe rejea. Wahariri wengine waliguna. Mimi naliona jambo la haki kabisa.

Mwaka huohuo Cunningham alileta wiki ya namna nyingine, ambayo kila mtu ana nakala yake. Ukipenda ukurasa wa mwenzako unauchukua na kuurekebisha kwako, wake haukuguswa. Kufutana kumekwisha, ila msomaji huenda akakutana na Mvita kumi zilizopangana, asijue ashike ipi. Barazani angalau yuko wa kukunong'oneza ni nani hapo hutia chumvi.